Mama Hataki Kushuka

Kuna siku nilitamani kukichukua kinanda cha kwaya, nikitumbukize kizima kizima kwenye pipa la kostiki, kisha nirudi maabara nikapime kimeyeyuka kwa kiasi gani. Kazi yangu ni kupima. Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni, na kabla sabuni haijamwagwa kwenye fremu ikagande, sampuli yake inapita mezani kwangu nihakikishe kostiki, yale magadi makali, haijazidi, maana ikizidi inachubua ngozi za watu. Hiyo kazi naielewa nayo inanielewa. Kinanda cha kwaya ya kiwanda ndicho nilichojitolea mwaka huu kukipiga kwa hiari yangu, na sijawahi kujuta hiari yoyote kama hiyo.

Tatizo lilikuwa noti moja. Wimbo wa kiwanda unamalizikia kwenye maneno "mikono safi". Ile "sa" tunaivuta, tunaivuta sana, halafu ndiyo tunatua kwenye "fi" na wimbo unakwisha. Kwenye "sa" kila kundi lina mahali pake. Besi wako so ya chini. Sauti ya tatu wako fa, sauti ya kwanza wako re. Akina mama wa sauti ya pili wanatakiwa watoke kwenye do washuke kidogo tu, hatua fupi kuliko zote, waingie ti. Zikikutana hizo nne zinafanya kodi, sauti zilizoshikana, inayomwambia msikilizaji akae tayari, tunafika. Na katika hizo nne, ti ndiyo yenye kazi. Ukiisikia, sikio linawasha mpaka ipande irudi do. Ikishapanda kila mtu anashusha mabega.

Basi kiongozi wa sauti ya pili alikuwa hashuki. Anang'ang'ania do yake, na wenzake wote wanang'ang'ania naye, kwa sababu ana sauti kubwa na hakuna mwanamke kwenye lile benchi anayethubutu kwenda peke yake. Mimi huku kwenye kinanda napiga ti kama ilivyoandikwa. Ti na do ni majirani wa ukuta mmoja. Ukizipiga pamoja zinasagana kama mchanga kwenye meno. Kila zoezi, kila tukifika "sa", mchanga.

Na kiongozi huyo wa sauti ya pili ni mama mkwe wangu.

Anayetuongoza ni mkuu wa bohari. Tunamwita Rula, kwanza kwa sababu anaongoza kwaya kwa rula ya mbao, pili kwa sababu ndivyo alivyo. Mazoezi tunafanyia kantini baada ya kazi, benchi zikiwa zimesukumwa ukutani, mpishi akisugua masufuria nyuma ya dirisha la kugawia chakula na kusikiliza kuliko anavyosugua. Siku hiyo Rula alisimamisha wimbo, akagonga meza.

"Sauti ya pili! Nani hashuki?"

Kila mtu anamjua. Wanaume wakaanza kuichunguza dari. Mama akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akatazama mbele, wala hana habari.

"Tutashuka, mwalimu," alisema. "Nitashuka tu. Twende."

Tukaenda. Hakushuka.

Watu walipotawanyika Rula alinishika mkono, akanivuta mpaka pembeni kwenye sinki.

"Ijumaa ya wiki ijayo watu wa redio wanakuja kuturekodi," alisema. "Sitaki aibu. Mama yako asiposhuka, nitamweka mlangoni apokee wageni. Atavaa sare kama wengine, atashika maua. Ni heshima pia."

"Heshima gani ya kumtoa mtu kwenye kwaya?"

"Basi zungumza naye. Ni mama yako."

"Ni mama mkwe wangu."

"Si ndiyo nasema? Ni wako."

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniwaka. Niseme kwa nini, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa naogopa ugomvi wa mkwe na mkwe. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa boila, na alikuwa besi kwenye kwaya hiyohiyo tangu kabla sijaijua. Mwaka jana walimpasua koo wakatoa uvimbe. Uvimbe ukaenda na sauti. Siku hizi akizungumza inatoka hewa tupu, lazima umsogelee, naye hapendi kusogelewa. Amekataa kwenda penye watu. Wanakaa wawili ndani ya nyumba ambayo zamani ilikuwa na kelele mpaka majirani wanalalamika, na sasa unasikia jokofu. Kwaya ndiyo mahali pekee ambapo Mama anafungua mdomo wake wote. Akiwekwa mlangoni na maua, nilikuwa na hakika atatabasamu, atayashika, na hatatoka tena nyumbani.

Nilimweleza mume wangu. Yeye ni fundi umeme, mtu wa kutafuta hitilafu ilipo, nikadhani atanisaidia.

"Mimi simo," alisema.

"Ni mama yako mzazi!"

"Nyumbani ni wangu. Kwenye muziki ni wako." Akachukua spana akaingia chini ya sinki letu la jikoni, sinki ambalo halikuwa linavuja.

Jumamosi mchana nikabeba kinanda changu cha nyumbani, kile kizee, nikaenda kwa wakwe. Kinanda hicho kina ubovu wake: kibonye cha so ya chini kinakatika kinapojisikia, sauti inapotea ghafla huku kidole chako bado kimekandamiza. Lakini ndicho nilicho nacho. Nikakiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, skafu shingoni, akimenya chungwa kwa utaratibu wake wa fundi, ganda moja refu lisilokatika.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Nimekuja tufanye mazoezi."

"Marahaba. Rula amekutuma," alisema Mama.

"Hajanituma."

"Amekutuma. Kaa basi, tufanye."

Nikapiga ti. Akaiimba. Nikapiga do, halafu ti. Akaimba do, akashuka ti, laini, safi, hajatikisika hata kidogo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia afumbe macho aimbe bila kinanda. Akaimba, tena akanitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize mchezo wake.

"Sasa wimbo wenyewe, Mama. Kuanzia 'mikono'."

Tukaenda. Mikono saaa... Do. Do ya chuma. Mimi na ti yangu, yeye na do yake, mchanga.

"Mama! Si umeiimba sasa hivi?"

"Nitashuka. Twende tena."

Tulikwenda tena mpaka Baba akamaliza chungwa na kuanza la pili. Kila mara anasema atashuka. Kila mara hashuki. Sijui kama umewahi kukasirishwa na mtu unayempenda, anayekukubalia kila neno kwa upole kisha anafanya vilevile. Huwezi kumgombeza, amekukubalia. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka mgongoni. Mwisho hasira zikanipanda, nikainua kidole kwenye ti kwa nguvu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, nikabaki na so mkono wa kushoto, na fa na re mkono wa kulia. Mama bado yuko kwenye do yake, anavuta.

Mchanga ukaisha.

Nikaacha vidole palepale. Sauti nne, hakuna inayogombana na mwenzake. Haikuwa ile kodi ya kwenye karatasi, ile inakusukuma. Hii haikusukumi. Inaning'inia. Inakushikilia mlangoni mguu mmoja ndani, na kwa ajabu huna haraka ya kuingia. Niliijua. Wapiga gitaa wa bendi wanaipiga kila siku: unachukua kodi ya so, unaitoa ti, mahali pake unaweka do, unaiacha hewani. Nimeisikia mara ngapi na kuipenda. Haikuwahi kunijia kwamba ndiyo hiyohiyo Mama alikuwa ananitengenezea kila zoezi, na kwamba mchanga wote ule nusu yake ulikuwa kidole changu.

Lakini hilo halikunipoza. Lilinichoma zaidi. Sawa, do yake inakaa vizuri. Kwa nini sasa anakaa hapo, kama ti anaijua?

"Tena, Mama," nilisema.

Mikono saaa... Na ndipo kinanda changu kikafanya ushenzi wake. So ya chini ikakatika. Pap, kimya huko chini.

Mama akashuka. Do, ti. Bila wasiwasi, kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumba yake.

Nilimkodolea macho. Nikakitingisha kibonye mpaka so ikarudi. Tukaimba tena, hakushuka. Tukaimba tena, safari hii nikaiachia so makusudi katikati. Akashuka.

"Mama, kwa nini umeshuka?"

"Si amekata pumzi."

"Nani?"

"Kinanda chako." Akaangalia dirishani. "Baba yako alikuwa anakata hapohapo. Mvuke wa boila ulimla kifua, ile 'sa' ya Rula hafiki nayo mwisho. Lazima avute pumzi katikati. Sasa akivuta, huku chini panabaki shimo, na watu watalisikia. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakaa juu nikimsubiri. Akikata tu, nashuka, watu wanageukia kwangu. Akirudi hakuna anayejua alikwenda." Alifuta meza ya kupigia pasi kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Hawa vijana wa besi siku hizi hawakati. Wana vifua kama matangi. Nasubiri, nasubiri, mwalimu ameshafunga wimbo."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa anacheka, mabega yanacheza na mdomo uko wazi, hakuna sauti inayotoka. Akainua mkono wenye chungwa kana kwamba anakiri kosa.

"Na mbona hukusema?" Nilisikia sauti yangu inapanda. "Watu wazima wanakugongea meza mbele ya wenzako, unakaa kimya?"

"Niseme nini, mwanangu? Mnaniambia nishuke, nasema nitashuka. Nilikuwa nasubiri nafasi."

"Sasa usisubiri! Hakuna wa kumsubiri!"

Nilijuta kabla neno halijamaliza kutoka. Baba akaacha kucheka. Mama hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimejaribu," alisema. "Mwili haukubali."

Jumatatu nilimfuata Rula bohari, kati ya katoni, nikamwambia ninafuta ti. Ninaitoa kwenye kinanda, na akina mama wote wabaki do. Alinitazama kana kwamba nimemwomba afute Jumanne. Akafungua droo, akatoa kitabu chake cha nadharia ya muziki kilichojaa mistari ya rula.

"Hapa," alisema. "Do ikikaa mahali pa ti, imening'inia. Na kilichoning'inia lazima kishuke. Imeandikwa."

"Wa zamani walitaka kishuke. Siku hizi watu wanakiacha. Bendi zote zinakiacha."

"Sisi si bendi."

"Basi njoo usikie kwa masikio yako, halafu uniambie panauma wapi."

Nilimburuta mpaka kantini. Nikampigia kwanza kama tulivyokuwa tunaimba, ti na do pamoja, akakunja uso. Nikaitoa ti. Nikaiacha kodi ikae, nikahesabu mashimo ya wavu wa dirisha la mpishi, kisha ndiyo nikatua kwenye "fi".

"Umeona kitu kimoja?" nilimwambia. "Ile do haikuhama. Ni hiyohiyo iliyopo kwenye kodi ya mwisho. Mama anakuwa ameshafika, sisi wengine ndio tunamfuata."

"Kwa hiyo unasema siku zote yuko sahihi."

"Sijasema yuko sahihi! Karatasi inasema ti. Nasema mimi nikinyamaza, hakuna aliyekosea."

Alijikuna mgongo kwa rula. "Kodi ya so bila ti," alinung'unika, "ni chai bila majani."

"Piga tena hiyo," mpishi alisema kutoka dirishani. "Hiyo chai yenu."

Nikapiga tena. Rula akafumba macho. Nami, ambaye nimemjua miaka na miaka, nikajua nimeshinda, na nikajua pia nitajuta. Kwa sababu Rula akikubali kitu, kinakuwa chake. Zoezi lililofuata aliihutubia kwaya nzima kuhusu kodi inayoning'inia, jinsi alivyoifikiria kwa muda, jinsi isivyo na haraka, jinsi ti ilivyokuwa inatuharibia wimbo. Akaipiga marufuku. Mtu akisikika na ti, alisema, atapokea wageni mlangoni. Mama alisikiliza hayo yote mikono mapajani, kwa adabu. Nami sikucheka. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kope.

Nilipomsindikiza nyumbani nilimshika bega, nikasema polepole, neno kwa neno. "Mama. Usishuke. Umenisikia? Usisubiri mtu, usishuke, kaa hapohapo juu."

"Sawa, mwanangu."

Ijumaa watu wa redio wakaja na nyaya zao, wakatundika blanketi kwenye madirisha ya kantini, wakamkataza mpishi kugusa hata kijiko. Tulikuwa tumeshasimama, sare zimepigwa pasi, nilipomwona mume wangu anaingia kwa mlango wa nyuma. Amemshika mkono baba yake. Baba amevaa shati jeupe na skafu yake, amenyoa. Mume wangu akamkalisha kiti cha mbele kabisa, akaja kwangu akaninong'oneza.

"Kasema anataka kuisikia hiyo kodi yenu. Mimi simo, nimemleta tu."

Nikamtazama Mama. Alifunga vizuri kitambaa chake.

Tukaanza. Beti zikaenda vizuri kuliko siku zote, na kila kitu kinapokwenda vizuri mimi ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Tukafika. Mikono saaa... Rula akainua rula yake juu akaigandisha hewani. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye so, wa kulia uko fa, re na do, ti nimeikimbia kama moto. Besi wamekaa chini na vifua vyao vya matangi. Kodi ikaning'inia. Ilikuwa nzuri, nakiri. Hata yule fundi wa redio aliinua uso.

Na nikamwona Baba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, hajaimba noti, hana ya kuimba. Lakini kumbe alikuwa nasi tangu mwanzo, huko ndani mwake, kwa sababu palepale, mahali palepale pa siku zote, alifikia mwisho. Skafu ikasogea. Kifua kikapanda. Akavuta pumzi.

Mama akashuka.

Do, ti. Benchi lote la sauti ya pili likashuka naye, kama kawaida yao. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimenyamaza, hakukuwa na mchanga wowote. Kile kilichoning'inia kililegea polepole, kikawa ndiyo ileile kodi ya kwenye karatasi, ile ambayo tumegombana nayo miezi mizima. Rula alinigeukia macho yamemtoka. Nikamtazama kwa macho ya "usiniulize". Rula ya mbao ikatetemeka hewani, ikashuka, tukatua kwenye "fi".

Fundi wa redio alivua vifaa vyake masikioni.

"Hapo mwishoni," alisema. "Ile inakaa, halafu inashuka kidogo, halafu ndiyo inafika. Mlipanga?"

"Kwa muda mrefu," alisema Rula.

Nilitoka nyuma ya kinanda, nikampata Mama katikati ya nyaya na blanketi.

"Mama! Tulikubaliana nini? Nilikwambia usishuke. Nimehangaika na Rula, nimehangaika na kitabu chake, kwaya nzima imefundishwa upya kwa ajili yako usishuke!"

"Hukumwona?" aliniuliza. "Alikata pumzi. Ulitaka nimwache hivyohivyo mbele za watu?"

Akanipa mkoba wake nimshikie, akaenda kumfunga Baba skafu vizuri.